Kobe hana karatasi: Maswali ya kujiuliza kabla ya kumchukua mnyama usiyemzoea

Gari dogo la abiria tulilopanda Arusha lilisimama kilomita chache kabla ya Namanga, dereva akashuka kuangalia tairi. Vijana wanaouza maji wakatuzunguka madirishani. Mmoja wao hakuwa na maji tu. Katika ndoo tupu ya rangi alikuwa na kobe wa ukubwa wa sahani, gamba la manjano lenye madoa meusi, kichwa kimerudishwa ndani. Alitaka Sh20,000.

Nilikuwa naelekea Kajiado kuandika habari za soko la mifugo, na wiki ile binti yangu alikuwa anatimiza miaka saba. Kwa muda mrefu alikuwa ananiomba mnyama wa kufuga, ila si paka, kwa sababu kila mtu mtaani kwetu ana paka. Nikaona mambo yamejipa. Kobe habweki, hali nyama, hapandi kitandani. Nikatoa pochi.

Mama aliyekaa kando yangu, mfanyabiashara wa vitunguu ambaye ameivuka Namanga kwa miaka mingi kuliko niliyoifanyia kazi mimi, aliushika mkono wangu.

“Mwanangu, rudisha hela yako. Una karatasi ya huyo?”

“Karatasi ya kobe, mama?”

“Vitunguu vyangu vina karatasi. Huyo mwenye roho ndiyo asiwe nayo?”

Alimwita kijana, akamuuliza alikomtoa. Kijana akasema amemwokota asubuhi ile ile, nyuma ya kilima tulichokuwa tunakiona. Mama akanunua chupa zote za maji zilizobaki, akamwambia amrudishe kobe pale pale alipomkuta, kabla jua halijawa kali. Kijana akaondoka na ndoo yake, hana furaha sana. Na mimi sikuwa na furaha. Ilinichukua siku kadhaa za kuulizia na kusoma kabla sijaelewa kwamba mama yule aliniepusha na mambo mawili kwa pamoja: kesi, na kiumbe ambaye sikuwa nimejiandaa kuishi naye.

Makala haya ni kwa ajili ya wengine walio njiani kama tulivyokuwa sisi siku ile. Wafanyabiashara wa mpakani hukutana na wanyama kuliko watu wengi. Wanapita porini, wanalala katika miji ya watu, na mara nyingine wanalipwa deni kwa kitu badala ya fedha. Leo mdaiwa anakupa kasuku. Kesho mteja wa mjini anakuomba umletee kinyonga. Keshokutwa shemeji anataka mbuzi wawili wafupi wa kuchezewa na watoto uani, au punda mdogo, au bata mzinga.

Maswali ni matatu, na yote huulizwa kabla fedha haijatoka mfukoni. Je, ni halali kuwa naye? Je, ana ruhusa ya kuvuka? Na je, nyumbani kwako kuna mtu na mahali pa kumtunza kwa miaka yote atakayoishi?

Wa porini si wa aliyemwokota

Katika nchi za Jumuiya yetu, mnyamapori si mali ya aliyemkuta. Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013, na Uganda ilipitisha mpya mwaka 2019. Maneno yanatofautiana, lakini msingi ni mmoja: kumkamata, kumfuga, kumuuza au kumsafirisha mnyamapori bila kibali ni kosa. Kibali hutolewa na mamlaka ya wanyamapori, yaani TAWA kwa Tanzania Bara, KWS kwa Kenya na UWA kwa Uganda. Serikali ya mtaa haina uwezo huo, wala mwenye shamba alikopatikana mnyama, wala dereva anayekuhakikishia kwamba wakaguzi wote ni jamaa zake.

Wengi hudhani sheria hizi ni za tembo na faru. Sivyo. Kobe, kinyonga, chatu, kasuku na hata mdudu wanaingia.

Asiyeamini akumbuke kesi iliyoanzia Naivasha. Aprili 2025 vijana wawili raia wa Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, wakiwa wamefungiwa katika mirija midogo yenye pamba. Ulaya na Asia kuna watu wanaofuga sisimizi katika masanduku ya vioo kama wengine wanavyofuga samaki wa mapambo, na malkia mmoja ndiye mwanzo wa kundi zima. Mei mwaka huo mahakama iliyoko Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu kila mmoja faini ya Sh1 milioni za Kenya au kifungo cha miezi 12. Raia wa Vietnam na Mkenya walioshtakiwa katika kesi nyingine ya sisimizi walipewa adhabu kama hiyo. Kama mdudu anayebebwa kwenye mrija analeta kesi, kobe wa kwenye ndoo hana pa kujificha.

Juu ya sheria za nchi kuna mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaojulikana kwa kifupi CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975. Mkataba huo una viambatisho. Waliomo katika Kiambatisho cha Kwanza hawaruhusiwi kuuzwa kibiashara kutoka nchi moja kwenda nyingine wakiwa wametolewa porini. Waliomo katika cha Pili wanaweza kuuzwa, lakini kwa kibali maalumu cha nchi wanakotoka.

Kwa mfanyabiashara wa ukanda huu, majina machache yanatosha kuanzia. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye makazi yake yanafika hadi magharibi mwa Kenya, alipandishwa Kiambatisho cha Kwanza katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016. Kobe bapa wa mawe, yule mwembamba kama chapati anayejibana kwenye nyufa za miamba ya Tanzania na Kenya, alipandishwa mwaka 2019. Kobe wa madoa kama yule wa kwenye ndoo yumo Kiambatisho cha Pili, na pia vinyonga wetu wengi pamoja na chatu.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi sita ili wafanyabiashara wamalize wanyama waliobaki mikononi mwao, na ruhusa hiyo ikasitishwa ndani ya siku chache. Anayekuonyesha kibali cha zamani na kukuambia “bado kinafanya kazi” anakuuzia kesi.

Soko la Pamoja tulilolianza mwaka 2010 limerahisisha kuvusha vitunguu, mchele na viatu. Halikumgeuza mnyamapori kuwa kitunguu. Anayepatikana naye mpakani hupoteza mnyama, na mzigo halali uliokuwa kando yake hukaa ukisubiri. Hata gari lililombeba linaweza kushikiliwa kama kielelezo. Mwenye nyanya nyuma ya gari anajua saa 48 za kusubiri zina maana gani.

Changuu na Kigali

Madhara ya kumtoa mnyama kwake yameonekana karibu yetu. Mfano wa kwanza uko kisiwa cha Changuu, mkabala na mji wa Unguja. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alileta kobe wanne wakubwa wa Aldabra kama zawadi. Wakazaana, na mwaka 1955 walikuwa wamefika 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine wakiuzwa ng'ambo kama wanyama wa kufuga, wengine wakiishia jikoni. Kufikia 1988 walibaki kama 100. Mwaka 1990 walikuwa 50, na mwaka 1996 wakabaki saba tu. Mwaka huo walipelekwa kobe wachanga 80 ili kuongeza idadi, na 40 kati yao wakapotea. Ndipo likajengwa eneo la uzio linalowalinda hadi leo. Mtalii anayewalisha majani kisiwani haoni uzio kama habari, lakini bila uzio ule pengine asingekuta kobe wa kumlisha.

Mfano wa pili unatia moyo. Nchini Rwanda, korongo taji, ndege yule aliye kwenye bendera ya Uganda, alikuwa pambo la bustani za hoteli na nyumba za wenye uwezo. Watu walimwona kama ishara ya utajiri na maisha marefu. Ili asiruke, mabawa yalikatwa au kuvunjwa, na akiwa kifungoni ni nadra kuzaa. Mabwawa yakawa yanapoteza ndege bila kupata makinda mapya.

Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na chama chake cha kuhifadhi wanyamapori, kwa kushirikiana na serikali, hawakuanza na pingu. Walitangaza msamaha: mwenye korongo ajitokeze, ndege asajiliwe, hakuna faini. Zaidi ya ndege 200 wakaandikishwa. Wenye afya walipelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera, wakajifunza upya kuishi bila bakuli la mahindi. Ambao mabawa yao hayakupona walitengewa eneo lao Kigali, liitwalo Umusambi Village, ambako wanaishi kwenye bwawa na nyasi bila kuhitaji kuruka.

Waliokuwa na korongo wale wengi hawakuwa watu wabaya. Walimpenda ndege. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia mapema kwamba kumpenda kule kulikuwa kunammaliza.

Wa kufugwa naye ana mpaka

Kwa wanyama wa kufugwa, swali la kwanza lina jibu jepesi. Mbuzi, punda, sungura na bata mzinga ni halali kuwa nao, ingawa miji mingi ina sheria ndogo kuhusu idadi, uzio na harufu, na majirani wana sheria zao pia. Tatizo liko kwenye swali la pili, la kuvuka.

Namanga inakumbuka Oktoba 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilipochomwa moto upande wa Tanzania kwa kuingizwa bila kibali, mamlaka zikitaja hofu ya mafua ya ndege. Mwezi huo huo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya waliokamatwa upande wa Tanzania walipigwa mnada. Kelele zilikuwa kubwa pande zote mbili, na viongozi walikutana baadaye kutafuta njia ya amani. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu moto ule. Lakini somo kwa mfanyabiashara halibadiliki: mnyama bila karatasi hana mtetezi mpakani.

Sababu ya karatasi ni magonjwa. Sotoka ya mbuzi na kondoo, homa ya mapafu ya mbuzi, ugonjwa wa miguu na midomo, homa ya Bonde la Ufa, kideri cha kuku: yote haya husafiri ndani ya mnyama anayeonekana mzima. Mbuzi mmoja wa zawadi anaweza kumaliza zizi la kijiji kizima. Homa ya Bonde la Ufa na kimeta humfikia hata binadamu.

Utaratibu kwa kawaida huenda hivi. Kwanza, kabla ya kununua, pata kibali cha kuingiza kutoka kwa mamlaka ya mifugo ya nchi unakompeleka mnyama. Wengi huanza na kununua, wakimaliza ndipo wanaulizia, na hapo tayari mnyama anakula fedha huku karatasi inasubiriwa. Pili, daktari wa mifugo wa serikali kule anakotoka amkague, athibitishe chanjo na kutoa cheti cha afya. Tatu, pata kibali cha kumsafirisha kutoka wilaya moja hadi nyingine. Nne, pita kituo rasmi na umwonyeshe mkaguzi wa mifugo aliyepo. Katika vituo vya huduma kwa pamoja kama Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo na Holili–Taveta, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa sehemu moja, hivyo husimami mara mbili. Kumbuka pia kwamba vyeti vina muda wa kumalizika. Cheti cha mwezi uliopita si cheti cha leo.

Hapa kuna kosa linalowagharimu wafanyabiashara wadogo. Wanajua kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, wakadhani cheti hicho kinamaliza yote. Cheti cha uasili kinahusu ushuru wa forodha. Hakisemi chochote kuhusu afya ya mbuzi wako. Mbuzi wawili tu wa zawadi wanahitaji karatasi za mifugo sawa na mia wa biashara.

Na njia za panya? Mama wa vitunguu ana jibu lake: mnyama aliyepita njia ya panya atakudai karatasi siku atakapougua, kwa sababu utaogopa kumwita daktari.

Nyumba ya mtu wa safari

Swali la tatu ndilo hakuna ofisa atakayekuuliza. Mfanyabiashara wa mpakani hulala nyumbani siku tatu au nne kwa wiki. Mnyama hula siku zote saba. Kabla ya kuchagua mnyama, mchague atakayemlisha ukiwa Kampala au Bujumbura, na mkubaliane. Mtoto wa miaka saba atasaidia, lakini dhamana ni ya mtu mzima.

Baada ya hapo jenga kwanza, mnyama aje baadaye. Banda lisilokamilika siku mnyama anapofika huwa halikamiliki kamwe.

Mbuzi. Usichukue mmoja. Ni mnyama wa kundi, na akiwa peke yake atalia mchana na usiku mpaka majirani wakufuate. Wawili ndio mwanzo. Banda la sakafu ya mbao au fito iliyoinuliwa kutoka ardhini huwaweka wakavu, kinyesi kikadondoka chini. Wageni watenge na mifugo mingine kwa wiki tatu hivi, wapewe dawa ya minyoo, chanjo zikamilishwe. Mabaki ya ugali au mahindi mengi kwa ghafla huwavimbisha tumbo na kuwaua. Mifuko ya plastiki vilevile.

Punda. Huishi miaka 25 hadi 30 na zaidi, hivyo anaweza kumzidi umri gari lako la tatu. Naye anataka mwenzake. Kwato zake hukua kama kucha na zinahitaji kupunguzwa kila baada ya wiki sita hadi nane, na manyoya yake hayahimili mvua kama ya ng'ombe, kwa hiyo lazima awe na paa. Ukiletewa punda wa bei ya kutupa, uliza ametoka wapi. Biashara ya ngozi iliwafanya wezi wawavushe usiku kwa usiku, hadi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Bata mzinga. Usimchanganye na kuku katika uwanja mmoja. Kuku hubeba vijidudu vinavyoharibu ini la bata mzinga, yeye mwenyewe akiwa haonyeshi ugonjwa.

Sungura. Adui yake mkubwa ni joto. Panapozidi nyuzi 30 anaanza kuteseka, kwa hiyo wa Mombasa au Tanga ajenge kivulini penye upepo, si chini ya bati tupu. Chakula chake kikuu ni majani makavu. Karoti ni kitoweo cha mara moja moja tu.

Kobe na jamii ya reptilia. Wapo wanaofuga kwa kibali, na wajue hili. Kobe wa madoa huishi miaka 50 na kuendelea, hivyo anayemchukua aandike na jina la mrithi. Anahitaji jua la moja kwa moja ili gamba liwe gumu, uwanja wa kutembea, nyasi na majani, na sahani pana ya maji isiyo na kina. Mkate, ugali na nyama humharibu gamba na figo. Kinyonga ni mgumu zaidi. Anakula wadudu wanaotembea, na wengi wao hawanywi kwenye bakuli, bali hulamba matone kwenye majani. Wanaouziwa barabarani hufa kwa kiu mbele ya bakuli lililojaa. Tena reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, hivyo kunawa kwa sabuni baada ya kuwashika ni lazima, na watoto wa chini ya miaka mitano wasiwashike kabisa.

Kuhusu safari yenyewe, mnyama asifungwe miguu yote minne na kulazwa kwenye buti la gari. Safiri alfajiri au jioni, acha hewa ipite, simama kumpa maji. Aliyefika akiwa amechoka sana ndiye anayeugua wiki inayofuata.

Hesabu ya kware

Wapo watakaosema: mimi si wa kufuga kwa kupenda, nataka biashara. Hao wawaulize waliokuwa Kenya mwaka 2013 na 2014, kware walipovuma. Mayai yake yalisemwa kutibu kila kitu, bei ikapaa, na watu wakachukua mikopo kununua ndege na vifaa vya kutotolea. Kwa kuwa kware alihesabiwa ndege wa porini, kilihitajika pia kibali cha KWS. Kila mtu alipokuwa muuzaji, mnunuzi akatoweka. Bei ilianguka, na waliobaki na mamia ya ndege walilazimika kuwalisha bila kipato, kuwachinja au kuwagawa.

Waliokuwa na hasara ndogo ni wale walioanza na wachache, wakajifunza kuwatunza na kujua nani atanunua kabla ya kuongeza. Mnyama mgeni sokoni ana wiki chache za sifa na miaka mingi ya kula.

Kama tayari unaye

Huenda unasoma haya na kasuku yuko verandani. Usimpeleke porini ukamwachia. Aliyekaa na watu muda mrefu hajui tena kujitafutia, anaweza kupeleka magonjwa kwa wenzake, na huenda pori unalomwachia si lao. Yule kobe wa barabarani alikuwa tofauti, kwa sababu alikuwa ameokotwa saa chache zilizopita na mahali palijulikana. Wala usimuuze kwa mwingine ili tatizo livuke mpaka.

Nenda ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, mwenyewe, kabla hujafuatwa. Eleza ulimpata lini na wapi. Kama una wasiwasi, nenda na mwanasheria au kiongozi wa chama chenu cha wafanyabiashara. Wanyama wanaosalimishwa hupelekwa kwenye vituo vya kuwatunza. Entebbe, kwa mfano, kuna kituo cha elimu ya wanyamapori kinachopokea waliookolewa kwenye biashara haramu. Anayejisalimisha na anayekamatwa kwenye kizuizi saa nane za usiku hawatazamwi kwa jicho moja.

Na vyama vya wafanyabiashara vina kazi hapa. Karibu kila kituo cha mpakani kina viongozi wanaowafundisha wenzao kujaza fomu za forodha. Waongeze somo moja fupi kuhusu wanyama: nani anatoa kibali gani, ofisi iko mlango upi, inafungwa saa ngapi. Makosa mengi ya mpakani hutendwa na watu ambao hawakujua mlango wa kugonga.

Binti yangu hakupata kobe siku yake ya kuzaliwa. Alipata mbao sita, misumari na wavu, nasi tukajenga kibanda chini ya mwembe. Kilikaa kitupu wiki tatu. Katika wiki hizo alikata majani, akayaanika, akajifunza kusafisha kitu ambacho hakijachafuka bado, na bibi yake akakubali kushika zamu siku ninazosafiri. Ndipo tukaenda kwa mfugaji wa mtaa wa pili kuchukua sungura wawili. Hatukuvuka mpaka wowote, ila niliomba daktari wa mifugo awaangalie na kutuandikia karatasi.

Mwezi uliopita nilikutana tena na mama wa vitunguu kwenye foleni ya Namanga. Nilimwonyesha picha ya sungura kwenye simu. Aliitazama, akatabasamu, kisha akaniuliza kama wana karatasi.